Bonhoeffer: Mchungaji aliyeomba kuonyeshwa njia, akarudi hatarini

MCHUNGAJI Dietrich Bonhoeffer alipowasili New York kwa meli mnamo Juni 12, 1939, marafiki zake walishusha pumzi. Walikuwa wamemtafutia kazi Marekani kwa udi na uvumba ili kumtoa katika makucha ya utawala wa Adolf Hitler, na sasa walimwona amenusurika.

Siku 26 baadaye, mwanatheolojia huyo aliondoka kurejea kule kule alikotoroka.

Bonhoeffer alizaliwa Februari 4, 1906 mjini Breslau katika jamaa ya wasomi. Babake alikuwa daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili, naye Dietrich alipata shahada ya uzamifu Berlin akiwa na umri wa miaka 21 tu. Mwaka wa 1939 wanaume wa rika lake walikuwa wakiitwa jeshini, na kuitika kulimaanisha kula kiapo cha utiifu kwa Hitler. Kukataa kungemtia kitanzini, na pia kungeliponza Kanisa la Ukiri, yaani Waprotestanti waliopinga serikali kuitawala imani yao.

Kwa hakika, hakuwa mgeni katika maombi. Katika seminari ya Finkenwalde, aliyoiongoza kuanzia mwaka wa 1935, wanafunzi walitakiwa kukaa kimya nusu saa kila asubuhi mbele ya kifungu kimoja cha Biblia, kifungu hicho hicho wiki nzima. Baadhi yao walinung'unika kwamba hawakujua la kufanya na kimya hicho. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, waliifunga seminari hiyo mwaka wa 1937.

Huko New York, mwalimu akageuka mwanafunzi. Alipewa chumba cha wageni katika chuo cha Union Theological Seminary, akawa na usalama, vitabu na wenyeji wakarimu. Hata hivyo, shajara yake ya wiki hizo inasimulia habari za mtu asiye na utulivu, anayesali, kuvuta sigara na kusubiri barua kutoka nyumbani. Kila siku alisoma mafungu ya Maandiko yaliyochaguliwa katika kijitabu cha Wamoravian.

Sauti kutoka mbinguni hakuisikia. Jambo hili lafaa kuzingatiwa na wale wetu ambao, kila msimu wa uchaguzi ukifika, hutangaza kwamba wameoteshwa na Mungu wawanie kiti.

Juni 20 alimweleza mwenyeji wake, Henry Leiper, kwamba hataichukua kazi ya kuwahudumia wakimbizi wa Kijerumani, kwani kazi hiyo ingemfungia mlango wa kurudi. Katika shajara alikiri kwamba hata yeye mwenyewe hakuzielewa vyema sababu zake. Hakujua kama alisukumwa na imani, au na upweke wa kuikosa nchi yake. Aliloweza kufanya ni kumwachia Mungu amhukumu na kumsamehe.

Siku sita baadaye alikutana na maneno ya Paulo katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, ambapo mtume huyo mfungwa anamsihi kijana wake afike kabla ya majira ya baridi. Maneno hayo yalimwandama kutwa nzima. Tayari alikuwa amekata kauli, hivyo basi hayawezi kuitwa ishara iliyomwamulia. Alijua pia hatari ya kuyageuza Maandiko kuwa ramli. Alihitimisha kwamba si kuyatumia vibaya mtu akiyachukua kama yaliyoandikiwa yeye, iwapo Mungu amemjalia neema hiyo.

Kwa Reinhold Niebuhr, mwanatheolojia aliyesaidia kumwalika, aliandika kwamba hangekuwa na haki ya kushiriki kulijenga upya Kanisa la Ujerumani baada ya vita ikiwa hangeshiriki mateso ya watu wake. Rafiki yake Paul Lehmann alijaribu kumzuia, akashindwa. Bonhoeffer alisafiri pamoja na kakake, Karl-Friedrich. Vita vilianza Septemba 1 mwaka huo huo.

Uamuzi huo ulizaa mingine migumu zaidi. Kupitia kwa shemejiye, Hans von Dohnanyi, aliingia katika idara ya ujasusi wa kijeshi, ambamo baadhi ya maafisa walikula njama ya kumpindua Hitler. Mwaka wa 1942 kundi hilo liliwavusha watu 14, wengi wao Wayahudi, hadi Uswisi. Bonhoeffer aliunga mkono njama ya kumuua dikteta huyo, lakini hakudai kwamba Mungu ameibariki. Kwake hiyo ilikuwa hatia ya kubebwa kwa ajili ya wengine.

Alikamatwa Aprili 5, 1943, miezi mitatu tu baada ya kumposa Maria von Wedemeyer, akazuiliwa katika gereza la Tegel, Berlin. Mwaka wa 1944 mlinzi mmoja alikuwa tayari kutoroka naye. Lakini kakake Klaus alipokamatwa, Dietrich aliuacha mpango huo, akihofia kwamba jamaa zake wangelipiziwa kisasi.

Alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg mnamo Aprili 9, 1945, akiwa na umri wa miaka 39. Wanajeshi wa Marekani waliikomboa kambi hiyo majuma mawili baadaye. Wazazi wake walikuwa Berlin mwezi Julai waliposikia redioni ibada ya kumkumbuka mwana wao, ikipeperushwa na BBC kutoka London.