Kazadi Mwamba, golikipa aliyetolewa dakika ya 21

Ukitaja jina la Kazadi Mwamba mbele ya wazee waliofuata mupira wakati wa Zaïre, wengi hawaanzi na makombe yake. Wanaanza na ile siku ya tarehe 18 Juni 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, alipoitwa pembeni ya uwanja dakika ya 21 tu, Zaïre ikiwa imefungwa tatu kwa sifuri na Yugoslavia. Hakuwa ameumia. Hakuwa amepewa kadi. Alitolewa, akaingia mwingine, na mechi ikaisha tisa kwa sifuri.

Si haki kumuanzia mutu hapo, maana kabla ya ile siku Kazadi alikuwa amekaa kwenye goli la taifa miaka mingi, na katika Afrika yote walikuwa wachache waliothubutu kusema wana kipa kumupita.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1947 Elisabethville, muji wa shaba ambao leo ni Lubumbashi. Kalemie yenyewe wakati ule ilikuwa Albertville, na miji hiyo miwili ilikuwa katika jimbo moja la Katanga. Reli iliyotoka ziwani ikapita Kabalo njo ilibeba watu, samaki na habari za mupira mpaka kule kwenye migodi. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, Kazadi alikuwa na miaka 13. Kujitenga kulipoisha mwanzo wa 1963, alikuwa anakaribia 16. Kizazi chake kilikulia katika mambo hayo, na bado kikatoa ekipe moja kali sana.

Ekipe yenyewe ni Tout Puissant Englebert, iliyochukua jina la kampuni ya matairi, na ambayo leo kila mutu anaijua kama TP Mazembe, ile yenye mamba kwenye alama yake. Kuanzia 1967 mpaka 1970, Englebert ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika mara nne mufululizo. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi: ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ikapangwa mechi ya tatu Cameroun, Kotoko hawakutokea, na Wakongo wakapewa kombe. Mwaka uliofuata hakukuwa na maneno. Étoile Filante ya Lomé ilipigwa tano kwa sifuri, na hata iliposhinda marudiano nne kwa moja, haikutosha. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imelitetea lile kombe kabla ya hapo. Fainali mbili za mwisho zilipotea, moja kwa Ismaily ya Misri, nyingine kwa Kotoko waliokuja kulipa deni. Kazadi ni kipa wa kizazi hicho.

Januari 1968 Kongo-Kinshasa ilienda Éthiopie kwa Kombe la Afrika. Kocha alikuwa Muhungaria, Ferenc Csanádi. Golini akawekwa kijana wa Lubumbashi ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 21. Katika makundi, Ghana iliifunga Kongo mbili kwa moja, na Ghana wakati ule ilikuwa bingwa wa 1963 na wa 1965. Kongo ikawatoa wenyeji kwenye nusu fainali, tatu kwa mbili, kisha muda wa nyongeza. Halafu fainali, tarehe 21 Januari, ikawa na Ghana tena. Pierre Kalala Mukendi alifunga goli moja kipindi cha pili, na likatosha. Kwa kipa, ushindi wa moja kwa sifuri ni kazi nzito kuliko wa tano kwa moja, sababu kila mupira unaokuja unaweza kuharibu yote. Mufungaji bora wa kombe lile alikuwa Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, mwenye magoli sita. Lakini kwenye orodha za muchezaji bora wa kila Kombe la Afrika, jina lililoandikwa kwa 1968 ni la Kazadi.

Hapa inafaa kusema kidogo namna kipa wa taifa anavyochaguliwa, maana bila hiyo haieleweki kilichotokea Ujerumani. Washambuliaji, kocha anaweza kuwapanga wawili au watatu, akabadilisha huyu leo na yule kesho. Kipa ni mumoja. Anayechaguliwa anakaa miaka, na wa pili anafanya mazoezi kila siku bila kujua kama atacheza hata mara moja. Na kocha mwenye akili hachagui mikono peke yake. Anachagua na sauti. Kipa njo anaona uwanja wote mbele yake, yeye anawaambia walinzi nani aende, nani abaki. Walinzi wakizoea sauti moja, hawageuki nyuma kuuliza.

Kwa Zaïre ya 1974, sauti hiyo ilikuwa ya Kazadi. Ilunga Mwepu, Mwanza Mukombo na Bwanga Tshimen, walinzi watatu kati ya wanne, walikuwa wenzake wa Mazembe. Bwanga alikuwa ametoka kupewa tuzo ya muchezaji bora wa Afrika wa 1973. Wa nne, Lobilo, alitoka AS Vita Club ya Kinshasa. Kwa hiyo ule ukuta ulikuwa wa Lubumbashi karibu wote, na mutu wa nyuma yake vilevile.

Kipa wa pili, Tubilandu Ndimbi, alikuwa wa Vita. Hakuwa mutu wa kuchekwa hata kidogo, ingawa magazeti ya Ulaya yalimucheka kwa ufupi wake. Klabu yake ilikuwa bingwa wa Afrika wa 1973. Wa tatu alikuwa Kalambay, wa Mazembe tena. Kinshasa na Lubumbashi kila siku zimekuwa na mudomo juu ya nani avae jezi ya taifa, na kwenye nafasi ya kipa, ambayo ni moja tu, mudomo unakuwa mukali zaidi. Lakini kabla ya Ujerumani hakukuwa na sababu ya kubishana sana. Machi 1974 kule Misri, Kazadi alitimiza miaka 27 katikati ya Kombe la Afrika, na wiki moja kisha hapo akalinyanyua. Zaïre ilikuwa nyuma mbili kwa sifuri mbele ya Wamisri wenyewe, Caire, ikageuza ikashinda tatu kwa mbili. Fainali na Zambie iliisha mbili kwa mbili, ikarudiwa tarehe 14 Machi, na Zaïre ikashinda mbili kwa sifuri. Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa katika kombe moja, na sifa zote zikaenda kwake, kama ilivyo kawaida ya dunia hii. Kipa alimaliza ile fainali ya pili bila kufungwa.

Miezi mitatu kisha, Léopards wakawa ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Wachezaji wote 22 walicheza hapa inchini. Raisi Mobutu alikuwa amewapa nyumba na magari walipofuzu, na wakubwa wengi wa serikali walipanda ndege pamoja nao.

Kocha safari hii alikuwa Blagoje Vidinić, mutu wa Yugoslavia, aliyekuwa ameipeleka Maroc kwenye Kombe la Dunia la 1970. Kuna jambo moja juu yake ambalo linasahauliwa: Vidinić mwenyewe alikuwa golikipa, tena mwenye medali ya dhahabu ya Michezo ya Olimpiki ya Roma 1960. Alijua vizuri kuliko wote kwenye ule uwanja maana ya kumutoa kipa ambaye hajaumia.

Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni Dortmund, Écosse ilishinda mbili kwa sifuri. Si aibu. Zaïre ilicheza mupira, na Waskoti waliondoka na furaha ya nusu, sababu walitaka magoli mengi zaidi. Watakuja kuyatafuta baadaye.

Kati ya mechi ya kwanza na ya pili, kambi iliharibika. Wachezaji walielewa kwamba feza walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Zilikuwa zimeishia kwa wakubwa wa msafara. Walikataa kucheza. Wakabembelezwa, wakaingia uwanjani na mioyo iliyokufa. Walioishi kuyasimulia, Mwepu mumoja wao, wamesema wazi kwamba siku ile hawakuwa na nia ya kukimbia.

Yugoslavia ilifunga dakika ya 8, ya 14 na ya 18. Tuseme ukweli: hata kipa mwenye mikono minne hawezi kitu kama watu kumi mbele yake wamesimama. Dakika ya 21 Kazadi akatolewa. Mupira wa kwanza kwa Tubilandu ulikuwa ule wa Katalinski, dakika ya 22, na aliuokota wavuni. Wachezaji wakamuzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombie, na mumoja akamupiga teke kwa nyuma. Mwamuzi akamuonyesha kadi nyekundu Ndaye. Aliyepiga ni Mwepu, na alikiri mwenyewe, lakini Ndaye akatoka. Sasa watu kumi, bila mufungaji wao, na kipa mupya nyuma ya walinzi waliozoea sauti nyingine. Kufika mapumziko ilikuwa sita kwa sifuri.

Nani alimutoa Kazadi? Wengi walimutupia Vidinić, wakasema amewauza kwa ndugu zake wa Yugoslavia. Lakini Vidinić aliwaeleza waandishi kwamba amri haikuwa yake, kwamba mutu wa wizara ya michezo njo alitaka kipa atolewe. Maelezo hayo yanaingia akilini kuliko yale ya usaliti. Wakati ule kocha alikuwa na nafasi mbili tu za kubadilisha wachezaji, na hakuna golikipa wa zamani anayechoma moja mapema hivyo, bila jeraha, katika mechi ambayo shida yake haiko golini. Ni mutu wa ofisi anayewaza hivyo. Yeye anaona magoli matatu, anaona mutu mumoja ambaye yamepita kwake, anaona dawa. Na kocha, hata akiwa na dhahabu ya Olimpiki, katika Zaïre ya 1974 hakuwa na pa kusimama mbele ya serikali.

Jibu lenyewe lilikuja siku nne tu kisha hapo. Tarehe 22 Juni, uwanja uleule, mbele ya Brésil, golini akawekwa Kazadi. Kama angekuwa mubaya kweli, wasingemurudisha kwa mabingwa wa dunia. Na safari hii woga ulikuwa mukubwa zaidi: Mwepu alisimulia kwamba watu wa Mobutu waliwaambia wachezaji kuwa wakifungwa zaidi ya tatu, wasifikirie kurudi nyumbani.

Jairzinho alifunga dakika ya 12, Rivelino ya 66. Ndipo ikaja dakika ya 79. Valdomiro alipiga mupira wa kawaida kutoka upande wa kulia, na Kazadi, mutu wa fainali za Addis-Abeba na Caire, akauacha upite karibu yake. Hakuna wa kumutetea kwa lile goli. Lilikuwa lake. Ila matokeo yake yalikwenda mbali: bila hilo, Brésil ingerudi nyumbani na Écosse ingeendelea. Waskoti walitoka kwenye kombe bila kufungwa mechi hata moja, kwa tofauti ya goli moja, na wanalikumbuka lile goli mpaka leo.

Ikaishia tatu. Kwa dakika kumi na kitu za mwisho, Zaïre haikuruhusu la nne. Kule Ulaya walichukua picha moja tu ya mechi ile: Mwepu anatoka mbio ukutani na kuupiga mbali mupira wa frikiki wa Brésil, wakacheka kwamba Waafrika hawajui sheria. Hakuna aliyeuliza watu wale walikuwa wanahesabu nini kichwani.

Waliporudi, hakukuwa na nyumba mupya wala gari. Raisi aligeuza macho, na mwaka huohuo Kinshasa ikawa na pigano la Ali na Foreman la kuonyesha dunia. Lubumbashi iliendelea kupenda makipa wake. Miaka mingi kisha, mutu mwingine wa Mazembe, Muteba Kidiaba, alikaa kwenye goli la taifa na kuifikisha klabu fainali ya dunia ya 2010, na kila alipookoa mupira mukali, wazee walilirudisha jina la Kazadi.

Kazadi alikufa mwaka 1996, hajafikisha miaka 50. Mwaka uliofuata, Mei, jina la Zaïre nalo likafutwa. Kwenye karatasi za Kombe la Dunia la 1974 imebaki hesabu yake: mechi tatu, zote alianza yeye, dakika 201, magoli manane. Tubilandu dakika 69, magoli sita.