Shah Jahan: Mfalme Aliyemuuguza Binti Yake

Jina la Shah Jahan si geni katika miji yetu. Hata asiyeyajua maisha yake ameiona sura ya Taj Mahal, lile kaburi la marumaru nyeupe lililoko Agra, katika picha zitundikwazo madukani na majumbani. Lakini mtu huyu alitenda jambo jingine ambalo halikuchorwa katika picha, nalo kwetu sisi tulio wazazi lina mafunzo makubwa kuliko jengo lile. Jambo hilo ndilo tulilokusudia kulieleza.

Alizaliwa Lahore mwaka 1592, akaitwa Khurram, na mwaka 1628 akakalia kiti cha ufalme wa Mughal huko Bara Hindi. Hatusemi kuwa alikuwa mkamilifu, kwani kiti hicho alikipata kwa damu ya jamaa zake. Mwaka 1631 mkewe mpenzi, Mumtaz Mahal, alifariki mjini Burhanpur akijifungua mtoto wake wa 14. Binti yao Jahanara alikuwa na miaka 17. Tangu siku ile mzigo wa mama ukawa juu ya mabega yake: akashika mambo ya nyumba ya kifalme, akawaangalia wadogo zake, na akawa kitulizo cha baba yake katika msiba.

Mwaka 1644, Jahanara akiwa mtu mzima wa miaka 30, vazi lake jembamba lililotiwa mafuta ya manukato lilishika moto, likawaka lote kwa mara moja. Wajakazi wake walimrukia kuuzima moto kwa mikono yao, na wawili katika hao wakafa kwa majeraha. Yeye mwenyewe aliungua mgongo, mikono na mbavu. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyeungua ayajua maumivu hayo. Mgonjwa halali kwa mgongo wala kwa ubavu, na kila kitambaa kibanduliwapo, jeraha huwa kama limeanza upya.

Basi mfalme huyu, mwenye matabibu na watumishi wasiohesabika, alifanya nini? Hakusema kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake. Hakusema kwamba huyu ni mtu mzima, na avumilie. Siku za mwanzo aliacha kabisa kutoka barazani. Na alipoanza kutoka tena, alikaa kitambo kidogo tu, kisha akarejea kwa mgonjwa wake. Dawa alimtia kwa mkono wake mwenyewe. Kila usiku mfuko wa rupia 1,000 uliwekwa chini ya mto wa mgonjwa, na asubuhi fedha zile zikatolewa sadaka kwa maskini. Watu waliofungwa kwa fedha za serikali wakafunguliwa, na madeni yao yakasamehewa.

Wala hakushika dua na sadaka akaacha dawa. Alikusanya matabibu, na miongoni mwao alikuwamo Hakim Muhammad Daud kutoka Uajemi. Lakini marhamu iliyoyafunga majeraha yale mwishowe ilitengenezwa na mtumwa mmoja aliyeitwa Arif, na mfalme hakuona haya kuipokea dawa ya mtu mdogo pale dawa za wakubwa ziliposhindwa. Ama ile hadithi isimuliwayo sana, kwamba aliyemponya ni Mwingereza Gabriel Boughton, na kwa ajili yake Waingereza wakapewa ruhusa ya kufanya biashara, haikubaliani na tarehe. Boughton alitumwa Agra mwaka 1645, na binti alikuwa amekwisha pona.

Uuguzi huo uliendelea kwa miezi, si siku. Mwezi wa Novemba 1644 ndipo ilipofanywa karamu ya shukrani. Jahanara akapimwa kwa dhahabu katika mizani, na akapewa mapato ya bandari ya Surat. Alichokiomba yeye ni msamaha kwa ndugu yake Aurangzeb, aliyekuwa ameondolewa katika cheo chake, naye akasamehewa.

Kisha dunia ikageuka. Mwaka 1657 Shah Jahan aliugua, na wanawe wakapigana wao kwa wao kwa ajili ya kiti. Mwaka 1658 Aurangzeb alishinda, akamfungia baba yake katika ngome ya Agra. Ni nani aliyebaki na mzee yule? Ni Jahanara. Alikaa naye humo karibu miaka minane, akimhudumia na kumliwaza, mpaka alipofariki mwezi wa Januari 1666. Mikono ile iliyoungua, ambayo baba aliipaka dawa, ndiyo iliyomuuguza baba.

Tazama basi, ewe msomaji. Taj Mahal ilijengwa kwa miaka mingi na kwa mali isiyo kifani, lakini mawe yake hayakumpa mzee yule hata gao moja la maji katika kifungo chake. Kilichomfaa ni zile siku na nyakati za usiku alizokaa kando ya kitanda.

Na katika miji yetu wako wazazi ambao binti yao akirudi nyumbani na ugonjwa wa muda mrefu, swali la kwanza ni nani atalipa, na la pili ni kwa nini mumewe hamuuguzi. Baba hupita mlangoni, akauliza hali kwa mbali, akaenda zake barazani. Je, mtoto akikua, huwa si mtoto tena? Au maumivu yake hupungua kwa kuwa ana miaka 30?

Jahanara alifariki mwaka 1681, akazikwa Delhi. Kaburi lake halina kuba. Liko wazi kwa mvua na jua, na juu yake huota majani. Binti wa aliyejenga Taj Mahal hakuhitaji jengo ili akumbukwe. Basi ndugu yangu, ikiwa nyumbani mwako yuko mgonjwa, hata akiwa mtu mzima, ingia leo ukae naye.