Lessing: Alipozibwa Kinywa Alikimbilia Jukwaani

Jina la Sultani Salahuddin Ayyubi, aliyeirejesha Baitul Muqaddas mwaka 1187, si geni kwetu. Lakini ni wachache wajuao kwamba Mjerumani mmoja, mtoto wa kasisi, alimtia katika mchezo wa kuigiza akiwa mtawala muungwana.

Mtunzi huyo ni Gotthold Ephraim Lessing, mzaliwa wa Kamenz, mwaka 1729. Ujerumani ya siku hizo ilikuwa vijidola chungu nzima, na katika kila kimoja neno la mtawala ndilo sheria. Mtawala wa Braunschweig aliwakodisha askari wake kwa Waingereza mwaka 1776 wakapigane Amerika, naye ajaze hazina.

Bwana huyo ndiye aliyekuwa mwajiri wa Lessing, mtunza maktaba wa Wolfenbüttel tangu 1770. Mwaka 1772 Lessing alitoa Emilia Galotti, kisa cha mtawala anayemtamani mchumba wa mtu. Bwana harusi anauawa njiani, na baba wa binti anaona heri amuue mwanawe kuliko kumwacha mikononi mwa dhalimu. Kisa alikihamishia Italia, walakini mwenye macho haambiwi tazama.

Mwaka 1778 ulimwanzia kwa msiba. Mkewe, Eva, alifariki kwa uzazi. Mtoto alikwisha kutangulia. Kisha, kwa kuchapisha maandishi yaliyohoji mafundisho ya kanisa, akakatazwa kuchapa lolote la dini bila idhini. Ndipo akageukia jukwaa, na mwaka 1779 ukatoka mchezo wa Nathan Mwenye Hekima.

Humo Sultani, hazina yake tupu, anamtega tajiri wa Kiyahudi: katika dini tatu, ya kweli ni ipi? Nathan anajibu kwa ngano ya baba aliyewaachia wanawe watatu pete zisizotambulikana, na kadhi akawaambia kila mmoja aithibitishe yake kwa mwenendo mwema. Sultani anataka urafiki. Mwislamu ana jawabu lake kwa swali lile, nami silijadili hapa. Alilotaka Lessing ni mtu asidhulumiwe kwa dini yake, na alikuwa na sababu: rafikiye mpenzi Moses Mendelssohn, Myahudi, hata kukaa Berlin alihitaji ruhusa.

Lessing alifariki mwaka 1781, mchezo haujaonyeshwa. Ulichezwa Berlin mwaka 1783. Wanazi walipotawala mwaka 1933 waliuondoa majukwaani. Wayahudi peke yao waliachiwa kuuigiza, mbele ya Wayahudi wenzao. Septemba 1945, Berlin ikiwa magofu, jumba la Deutsches Theater lilifungua tena milango kwa mchezo huohuo.