Abu Zayd al-Balkhi na Maslahi ya Mwili na Nafsi



Tukitajiwa matabibu wa Kiislamu wa zamani, wengi wetu tunawataja haraka Ibn Sina na Abu Bakr ar-Razi. Abu Zayd al-Balkhi hatajwi sana, na huenda ni kwa sababu hakuwa mtu wa kujitangaza. Lakini leo vyuo vikuu vinafundisha fani iitwayo tiba ya burudani, yaani kumsaidia mgonjwa kwa michezo, mazoezi, bustani, kazi za mikono na kukaa na watu, kwa mpango na kwa kipimo. Anayesoma fani hiyo, au anayetaka kujua Uislamu una neno gani juu yake, hana budi kumjua mzee huyu.

Jina lake ni Ahmad bin Sahl. Alizaliwa karibu na mwaka 235 Hijria, sawa na 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na mji wa Balkh, ambao leo uko kaskazini mwa Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto aliyetokea Sijistan, na Abu Zayd mwenyewe alianza maisha kwa kazi hiyohiyo. Alipokuwa kijana, kiu ya elimu ilimtoa kwao. Alifuatana na msafara wa mahujaji kwa miguu mpaka Iraq, safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Huko alikaa miaka minane akisoma falsafa, tiba, nyota na elimu ya dini, na miongoni mwa walimu wake anatajwa al-Kindi, mwanafalsafa mkubwa wa Waarabu.

Aliporudi Balkh alikuwa na elimu ya kumpatia cheo popote. Mtawala wa Balkh, Ahmad bin Sahl al-Marwazi, alitaka kumfanya waziri, naye akakataa. Alikubali kazi ndogo ya ukatibu, na uwaziri akapewa rafiki yake Abu al-Qasim al-Ka'bi. Alipoitwa na watawala wa Bukhara hakwenda. Alinunua shamba katika kijiji chake, akaishi humo akiandika. Waliomwelezea wanasema alikuwa mkimya, mwenye haya, na mwenye kupenda kutafakari peke yake.

Ukimya huo haukuwa woga. Wakubwa wawili waliokuwa wakimfadhili waliacha kumpa kwa sababu ya vitabu alivyoandika visivyowapendeza. Hakuvifuta. Vitabu vyake vinahesabiwa kufika 60 hivi, ingawa vingi vimepotea. Aliandika juu ya mpangilio wa maneno ya Qur'ani, na aliandika juu ya ramani za nchi. Katika jiografia ana shule inayoitwa kwa jina lake, waliyotoka al-Istakhri na Ibn Hawqal. Ibn Hawqal maelezo yake yanafika mpaka nchi za Wazanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Kitabu kinachotuhusu hapa ni Masalih al-Abdan wa al-Anfus. Mswahili hahitaji mfasiri wa jina hilo: ni maslahi ya mabadani na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu mwili, na humo hakuishia kwenye chakula na dawa. Alizungumzia hewa, makazi, mavazi, harufu nzuri, usingizi, kuoga, mazoezi, kukandwa mwili, hata kusikiliza sauti nzuri. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya muziki na kila mmoja wetu ana msimamo wake. Abu Zayd aliizungumzia sauti kama tabibu anayetazama inavyogusa nafsi ya anayeisikia.

Sehemu ya pili inahusu nafsi. Abu Zayd alilalamika kwamba matabibu wa zama zake walishughulikia mwili tu na kuiacha nafsi, ilhali kimoja kikiumwa na cha pili hakipati raha. Mwenye maumivu makali huwa hana furaha wala fikra safi, na mwenye huzuni ndefu mwili wake hudhoofika. Akaugawa ugonjwa wa nafsi katika milango minne: ghadhabu, huzuni, hofu na wasiwasi. Haya yote ni maneno tunayoyatumia kila siku mabwenini, hasa wiki ya mitihani.

Hapo ndipo utafiti wake unapokutana na kazi ya kumhudumia mtu. Alitazama chanzo kwanza, kisha akatafuta tiba inayolingana nacho. Huzuni, kwa mfano, aliigawa mara mbili. Iko inayotokana na jambo linalojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Iko nyingine inayomshika mtu bila yeye kujua sababu, ambayo aliona inatokana na mwili wenyewe. Ya kwanza hutibiwa zaidi kwa mazungumzo na fikra. Ya pili inahitaji tiba ya mwili, pamoja na kumchangamsha mgonjwa kwa maneno laini na mambo yanayomfurahisha. Kwa mwenye hofu, alishauri ajizoeze kukikabili anachokiogopa mara kwa mara mpaka akizoee. Kwa mwenye wasiwasi, alimkataza upweke na kukaa bure: akae na watu na awe na la kufanya. Tazama, mtu aliyependa kukaa peke yake hakuifanya tabia yake kuwa dawa ya kila mtu. Aliangalia mgonjwa anahitaji nini.

Pia alifundisha kinga. Kama vile mtu mwenye busara huweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, aliona inafaa mtu aweke akiba ya fikra njema wakati ametulia, ili zimsaidie siku dhiki itakapomfika.

Abu Zayd alifariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia. Kitabu chake kikabaki katika miswada, mmojawapo katika maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul. Mwaka 1984 mwanachuoni wa Kituruki Fuat Sezgin alichapisha nakala ya picha ya mswada huo huko Frankfurt. Mwaka 2013 Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi. Badri alikuwa mtaalamu aliyetibu watu, na alishangaa kuona mbinu zinazohesabiwa kuwa za karne ya 20 zimekwisha kuandikwa na Mwislamu wa karne ya tatu Hijria.

Ndugu zangu, fahari peke yake haimponyi mtu. Elimu hii ililala kwenye rafu kwa karne nyingi huku wagonjwa wakifungwa kamba na kupigwa. Leo pia, matokeo ya utafiti hubaki katika majarida ya vyuo, na muuguzi anayecheza mpira na wagonjwa uani mwa hospitali hayasomi. Yeye naye haandiki anachokiona, kwa hiyo mtafiti hajui ni mchezo gani uliomfaa nani.

Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tuna nafasi ya kuwa daraja. Sura za mazoezi, usingizi na kukandwa mwili hazimo katika tafsiri ya Badri, zimo katika Kiarabu tunachofundishwa kila siku. Tuzisome, tuwapelekee wenzetu wa udaktari, uuguzi na saikolojia, nao wazipime: lipi limethibiti na lipi limepitwa. Na tuache kumwambia kila mwenzetu mwenye wasiwasi kwamba imani yake ni dhaifu. Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini huku Bibi Aisha akitazama. Swala na dua ndiyo nguzo. Kumtoa mwenzako chumbani alasiri mkatembee au mkacheze mpira ni katika maslahi ambayo Abu Zayd aliyaandikia kitabu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Zayd, na awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi. Amin.