Askofu wa Mvara aliyetia saini

Mfanyabiashara anayeingia Arua kutoka Ariwara na mzigo wake huenda asijue kwamba Mvara iliwahi kuwa na askofu Silvanus Wani.

Alikuwa Mkakwa, kabila lililogawanywa na mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na ndilo la Idi Amin pia. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa kasisi wa askari wa KAR. Mwaka 1964 akawa askofu wa Northern Uganda. Mwaka 1969 alihamia dayosisi ya Madi na West Nile, na Janani Luwum akachukua nafasi yake kaskazini.

Februari 1977, nyumba ya Luwum, sasa askofu mkuu, ilipekuliwa usiku. Maaskofu wakamwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu. Wani alitia saini. Kwa Mkakwa wa siku zile, ambaye kunyamaza tu kungemfaa, halikuwa jambo dogo. Tarehe 16 Luwum aliuawa; serikali ikadai ni ajali ya gari.

Wani ndiye aliyerithi kiti hicho, cha jimbo lililofika Rwanda, Burundi na Boga, Zaire. Amin alipoanguka mwaka 1979, kisasi cha askari kiliwaangukia watu wa West Nile, wengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Mkakwa huyo alibaki askofu mkuu hadi 1983.