Henry Cavendish na Kiputo Kilichobaki

Henry Cavendish alizaliwa mjini Nice mwaka wa 1731. Alisomea Cambridge, akaondoka mwaka wa 1753 bila shahada. Hakuwa mwajiriwa wa yeyote. Maabara yake ilikuwa nyumbani kwake, London.

Mwaka wa 1785 alichapisha matokeo ya jaribio kuhusu hewa. Alipitisha cheche za umeme katika hewa iliyoongezwa oksijeni, nitrojeni ikageuka na kufyonzwa na maji ya alkali. Alipoiondoa oksijeni iliyosalia, kikabaki kiputo kisichozidi sehemu 1 kwa 120 ya nitrojeni ile. Angeweza kukipuuza akisingizia udhaifu wa vyombo. Badala yake alikipima, akakiandika, wala hakudai kukijua.

Cavendish alifariki mwaka wa 1810. Mnamo 1894, Rayleigh na Ramsay walitangaza gesi mpya, agoni. Ndiyo iliyokuwa katika kiputo kile. Hewa kavu, iwe ya London au ya Takaba kule Mandera, ina takriban asilimia 0.93 ya gesi hiyo. Ajaribuye kemia nyumbani hurithi kwake desturi hii: tokeo lisiloeleweka huandikwa kama lilivyo, hata kama atakayelielewa hajazaliwa.