Kitchener na nambari za Jeshi la India

Sisi wanafunzi wa isimu tumezoea kudhani kwamba jina hubeba habari, na nambari hupanga tu. Mimi niliamini hivyo mpaka niliposoma maisha ya Horatio Herbert Kitchener.

Alizaliwa mwaka 1850 huko Kerry, Ireland, na mwaka 1871 akawa ofisa katika kikosi cha wahandisi cha jeshi la Uingereza. Alipata sifa kwa vita vya Omdurman, Sudan, mwaka 1898, ambako bunduki za rashasha ziliua maelfu ya watu. Kisha, katika Afrika Kusini, alizidisha uchomaji wa mashamba ya Makaburu. Wanawake na watoto wengi walifia makambini.

Mwishoni mwa 1902 alifika India kuwa mkuu wa majeshi. Kule kulikuwa na vikosi vya Uingereza vilivyoletwa kwa zamu, na pembeni yake Jeshi la India, lenye askari Wahindi chini ya maofisa Waingereza. Jeshi hilo lilitokana na majeshi matatu, la Bengal, la Madras na la Bombay, yaliyounganishwa mwaka 1895. Lakini hesabu zilibaki tatu: kila upande ulikuwa na kikosi chake cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Mwaka 1903 Kitchener alivipanga vikosi vya miguu katika mstari mmoja. Vya Bengal kwa jumla vilibaki na nambari zao. Vya Madras viliongezewa 60. Vya Bombay, 100. Wagurkha peke yao walihesabiwa kando, 1 mpaka 10.

Hapa ndipo nilipokwama. Kama maofisa wengi wa wakati wake, Kitchener aliamini kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana, na kwamba watu wa kusini hawamo. Kikosi cha 2 cha Madras kikajazwa watu wa Punjab, kikaitwa cha 62 cha Wapunjabi. Ukisoma jina, unaona Punjab. Ukitoa 60, unawakuta watu wa Madras. Jina limewafuta, nambari imewatunza.

Novemba 1914, vikosi vya 61, 63 na 101 viliteremka Tanga, vikashindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika. Sasa unaweza kujua mwenyewe vilitoka wapi.

Kitchener, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa vita, alikufa tarehe 5 Juni 1916, meli yake Hampshire ilipogonga bomu la baharini karibu na visiwa vya Orkney. Mwaka 1922 nambari zake nazo zikapangwa upya.

Katika daftari langu la utafiti wa majina ya mitaa, nilikuwa nimeiacha ile yenye nambari tupu, nikidhani haisemi kitu. Nimeirudisha.